Kabla ya rimu, badili shokapu

Wasomaji wengi wa ukurasa huu ni wakulima na wafugaji, hivyo baadhi yenu mtashangaa kuona leo nazungumzia Altezza na Subaru. Lakini vijana wetu wanaofuga kuku hapa mjini wanayapenda magari hayo, na ndiyo yanayopeleka trei za mayai madukani asubuhi. Kijana akiniuliza kwa nini mayai yanapasuka njiani, siangalii kwanza trei wala chokaa kwenye chakula cha kuku. Naenda kubonyeza kona ya gari.

Jaribu na wewe. Kandamiza kwa nguvu usawa wa tairi moja, kisha achia. Gari zima hupanda mara moja na kutulia. Likinesa mara mbili au tatu, shokapu ya kona hiyo imekwisha. Hata likitulia, chungulia chini: kama shokapu imelowa oili, au tairi imeliwa kwa mabaka mabaka, jibu unalo.

Watu wanadhani shokapu ndiyo inayobeba gari. Uzito hubebwa na springi. Ndani ya shokapu kuna oili inayolazimishwa kupita kwenye vitundu vidogo, na kazi yake ni kuizuia springi isiendelee kucheza. Shokapu ikifa, tairi inadundadunda badala ya kushika barabara, na tairi iliyo hewani haifungi breki wala haikati kona. Hapo mayai yanakuwa jambo dogo. Altezza, iliyotengenezwa kuanzia 1998 hadi 2005, husukumwa na tairi za nyuma. Ukiteremka nayo kutoka Ngaramtoni kwenye mvua, huku shokapu za nyuma zimekufa, shimo moja katikati ya kona linatosha kuurusha mkia.

Msimamo wangu hautawafurahisha wauza spea: shokapu ya mtumba ni kamari. Taa, mlango, hata kioo, nunua mtumba bila wasiwasi. Shokapu ni kitu kinachokwisha kwa kutumika, na hujui iliyo mkononi mwako imetembea kilomita ngapi. Nasikia sana hoja kwamba mtumba wa Japani ni bora kuliko mpya feki. Kuna ukweli ndani yake, maana feki zipo, tena kwenye boksi zuri. Ila dawa yake ni kununua duka linalotoa risiti na waranti, ukiwa na namba ya chesisi ya gari lako. Mtumba ukifa baada ya miezi michache, utamlipa fundi mara ya pili kwa kazi ileile.

Zile za kutobolewa, kujazwa oili na kuchomelewa sina la kusema zaidi ya hapana. Spesa za kuinua gari nazo zinainua tu. Shokapu iliyokufa inabaki maiti, sasa ikiwa juu zaidi.

Badilisha mbili za ekseli moja kwa pamoja, kushoto na kulia. Ukiweka mpya upande mmja tu, gari litakuwa na tabia mbili. Springi ikitakiwa kutolewa, fundi awe na kifaa maalumu cha kuibana. Nikiona anaifunga kwa waya au kamba, naondoka na gari langu, kwa sababu springi ikifyatuka inaua.

Wenye Impreza za zamani, za kabla ya 2007, mna jambo la ziada. Kwenye hizo, shokapu na springi ni kitu kimoja kinachoshika pia kitovu cha tairi, kwa hiyo ukigusa hapo umegusa mkao wa tairi. Mwambie fundi aweke alama kwenye bolti ya juu ya mbele kabla ya kuilegeza, na ukitoka gereji nenda moja kwa moja kwenye alaimenti. Colin McRae alishinda Safari Rally ya 1997 kwa Impreza, lakini hakushinda kwa shokapu za kuokoteza.

Kosa moja nalisisitiza kwa mafundi wa Ngarenaro na kwingineko: bolti zinazopita kwenye bushi za mpira zisikazwe mwisho gari likiwa kwenye jeki. Lishusheni, likalie tairi zake, ndipo mkaze. Vinginevyo bushi inabaki imejikunja na itachanika mapema, kisha mteja atasema shokapu mpya zinagonga.

Pesa ikitosha mbili tu, anza na ekseli yenye hali mbaya zaidi, rimu zisubiri. Wakati unazitafuta hizo nyingine, endesha taratibu, na trei za mayai weka kwenye kiti cha nyuma. Buti iko nyuma ya ekseli, na ndiyo inayorushwa zaidi kwenye tuta.