Kabla umpe mtoto simu, mpe bakuli

Shule zikifungwa, kijana aliye nyumbani ndiye hugeuzwa yaya. Unajua vile mambo huenda. Dadako mkubwa anakuletea wanawe wawili asubuhi, anaacha mkate na maziwa, anakimbilia matatu. Hata hujaosha uso unasikia, "Anko, naomba simu." Unampa. Nani hangempa? Amani ya saa moja ina bei, na bei yenyewe ni bando zako.

Sasa hebu chungulia wanachotazama. Mara nyingi ni mikono ya mtu asiyejulikana ikivuta slaimu ya rangi ya waridi, ikiifinya, ikiikunja. Mtoto ametoa macho, hapepesi. Swali langu kwako ni moja tu: mbona atazame mikono ya mwingine ikichafuka ilhali yake iko hapo, na jikoni kuna bakuli?

Msimamo wangu ni kwamba slaimu ni somo la sayansi, tena la bei nafuu, na huhitaji digrii kulifundisha. Mimi mwenyewe sikumaliza chuo na hakuna mtoto aliyewahi kuniuliza cheti kabla ya kutia mkono kwenye bakuli.

Tafuta konflaua, ule unga mweupe laini wa kufanya supu iwe nzito. Weka vijiko vinne kwenye bakuli, ongeza vijiko viwili vya maji, ukoroge polepole. Ukitaka rangi, tia tone la rangi ya keki. Mwambie mtoto apige kwa ngumi: kitu kinakuwa kigumu. Mwambie azamishe kidole taratibu: kidole kinazama kama kwenye uji. Afinyange donge haraka, halafu aache kufinya. Donge litamchuruzikia vidoleni.

Hapo atauliza, "Kwa nini?" Usiharibu kila kitu kwa kumwambia ni maajabu. Mwambie afikirie mlango wa matatu saa kumi na mbili jioni. Watu wakishuka mmoja mmoja, mlango unapitika. Wakisukumana wote kwa pamoja, wanakwama na hakuna anayesonga. Chembe za wanga ndani ya maji hufanya hivyo hivyo. Ukizisogeza polepole, maji yanaziruhusu ziteleze na kupishana. Ukizigonga ghafla, zinabanana na kukwama.

Isaac Newton aliandika kuhusu jinsi viowevu vinavyotiririka katika kitabu chake cha mwaka wa 1687. Vile vinavyofuata kanuni yake, mathalani maji, havibadilishi uzito wa mtiririko wake hata ukikoroga kwa kasi. Konflaua yako imekataa kanuni hiyo. Tomato sosi pia imekataa, ila kwa njia ya kinyume: ukiitikisa inakuwa nyepesi, ndiyo maana unaipigapiga chupa pale kwa chipsi. Sisi wa 8-4-4 tulikariri kwamba kitu ni yabisi, kiowevu au gesi, tukaandika kwa mtihani, tukapata alama, basi. Mtoto wa miaka saba mwenye bakuli anaweza kukuonyesha kwamba mambo si rahisi hivyo.

Najua kuna msomaji ameshakunja uso. Ati unga ni wa kula, si wa kuchezea. Bana, nakuelewa kabisa. Kwa nyumba ambayo pakiti ya unga inapimwa hadi mwisho wa mwezi, huwezi kuwaambia watoto wamwage chakula. Ndiyo maana nimesema vijiko vinne. Na usiguse unga wa ugali kwa bakuli zima, maana hautafanya kazi hata hivyo. Tena hilo ni somo jingine: weka kijiko kimoja cha unga wa ugali, kimoja cha ngano na kimoja cha konflaua katika vikombe vitatu, uongeze maji kidogo kidogo. Waache watoto wabashiri kwanza. Wa ngano utavutika kama wa chapati, kwa sababu ya protini yake. Wa ugali utabaki na chengachenga. Konflaua peke yake ndiyo itacheza ule mchezo, kwa kuwa ni wanga mtupu. Kubashiri, kujaribu, kulinganisha: sayansi ndiyo hiyo.

Ile slaimu ya kuvutika ya mitandaoni ni habari nyingine. Hutengenezwa kwa gundi nyeupe na boraksi. Gundi ina molekuli ndefu kama nyuzi zinazoteleza, nayo boraksi huzifunga vifundo hapa na pale hadi zinakuwa kama wavu. Inapendeza, lakini boraksi huwasha ngozi na macho, haifai kumezwa, na Umoja wa Ulaya unaiweka kati ya kemikali zinazoweza kudhuru uzazi. Kwa watoto wadogo, baki na konflaua. Wakimaliza, wanawe mikono, nawe utupe mabaki kwenye pipa. Usiyamwage kwenye sinki. Yataziba bomba na utamtafuta fundi.

Tangu CBC ianze kote nchini mwaka wa 2019, tumesikia wazazi wakilalamika kuhusu vifaa wanavyoagizwa kununua. Malalamiko mengi yana msingi. Lakini kuna hatari nyingine isiyopigiwa kelele: mtoto wa mtaani kwetu kuamini kwamba sayansi ni ya shule zenye maabara, ya watoto wa kina fulani. Akifika sekondari na kuulizwa achague mkondo, atakuwa alishajiondoa mwenyewe zamani, kimyakimya, bila mtu kumfukuza.

Bakuli moja halitamfanya daktari wala injinia. Litamzoesha tu kuuliza "kwa nini" na kutazama badala ya kunyamaza. Kwa hiyo likizo hii, akija kuomba simu, mwambie atafanya hivyo baadaye. Kwanza alete kijiko, na akuambie anafikiri nini kitatokea.