Shule ya Wazazi au Shule ya Mheshimiwa?

Shule mpya ya sekondari inapofunguliwa mahali kama Kisegi, katika nchi ya milima ya Gwassi na Ziwa Viktoria, watu hutazama mabati. Huhesabu madarasa, husifu rangi, na humsubiri mgeni wa heshima ambaye, kwa desturi ya nchi yetu, hufika akiwa amechelewa kwa saa tatu. Ni furaha halali. Mtoto aliyekuwa akitembea mwendo mrefu, au kupangishiwa chumba sokoni mbali na macho ya wazazi wake, sasa atasoma karibu na nyumbani. Lakini nawaomba ndugu zangu wapenda mageuzi, pamoja na waumini wenzangu, wayatazame makaratasi kabla ya mabati. Mwaka wa kwanza ndio huamua shule itakuwa ya nani, na aghalabu uamuzi huo hupitishwa pasipo wazazi kutambua kwamba kuna jambo lililoamuliwa.

Mimi niliingia Kidato cha Kwanza mwaka 1996, katika shule ya harambee iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja tu, katika eneo lililokuwa likiitwa Nyanza Kusini. Jina lake nalihifadhi. Ilipokuwa ikijengwa, watu wa chifu walipita nyumba kwa nyumba kukusanya mchango. Mama yangu hakuwa na fedha, kwa hiyo walichukua kuku wawili. Hakupewa stakabadhi yoyote. Siku ya ufunguzi, mheshimiwa mmoja aliinua bunda la noti mbele ya umati, jina lake likachorwa ukutani, na tangu siku hiyo shule ikawa yake. Kuku wa mama hawakuandikwa popote. Sisemi haya kwa uchungu wa kuku, ingawa mmoja alikuwa akitaga. Nasema kwa sababu wazazi mia kadhaa waliojenga kwa mchanga, mawe, mifugo na jasho waligeuka wageni katika mali yao wenyewe kabla mwanafunzi wa kwanza hajaandika mtihani.

Vijana wa leo huenda wasijue jinsi jambo hilo lilivyowezekana. Chifu wa wakati ule alijikinga kwa Sheria ya Mamlaka ya Machifu, urithi wa mkoloni, ambayo ilitiwa ubutu tu na marekebisho ya IPPG ya mwaka 1997. Nayo kamati ya shule ilichaguliwa kwa kupanga mstari nyuma ya mgombea, chifu akisimama kando na fimbo yake. Kifungu cha 2A kilikuwa kimefutwa tangu Desemba 1991. Uchaguzi mkuu wa 1992 ulikuwa umefanyika kwa kura ya siri. Viongozi wa NCCK walikuwa wameukataa mlolongo tangu 1986, kabla haujalitia taifa aibu katika uchaguzi wa 1988. Hata hivyo, chini ya mti wa shule yetu mlolongo uliendelea kana kwamba hakuna lililotokea Nairobi. Na katika maeneo mengi bado wazazi huchagua wawakilishi wao kwa kuinua mikono mbele ya mtu mwenye uwezo wa kumnyima mtoto wao msaada wa karo. Je, huo ni uchaguzi?

Wakubwa kuiogopa shule inayoendeshwa na wananchi si jambo la jana. Shule ya Maseno ilianzishwa na wamisionari wa CMS mwaka 1906, na kufikia 1908 wanafunzi wake walikuwa wamegoma, wakitaka kufundishwa kitabu badala ya kufanyishwa kazi za mikono. Katika nchi ya Wakikuyu, shule huru zilizojengwa na wazazi wenyewe zilifungwa kwa wingi Hali ya Hatari ilipotangazwa mwaka 1952. Mkoloni alielewa vema kwamba wazazi wakizoea kuchagua kamati na kukagua hesabu zake, hawatakubali kuishia kwenye lango la shule.

Leo sheria iko upande wetu, na hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya mzazi wa sasa na mama yangu. Katiba ya 2010, ibara ya 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 56, inataja watu wanaopaswa kuketi katika Bodi ya Usimamizi. Sita kati yao huchaguliwa kuwakilisha wazazi au jamii ya mahali hapo. Mdhamini wa shule, ambaye kwetu Nyanza mara nyingi ni kanisa, hupewa viti vitatu.

Hapa naomba ruhusa ya kusema na kanisa letu bila kuzungukazunguka. Viti hivyo vitatu ni vyenu kwa haki. Mlianza kutoa elimu kabla ya serikali, na Sheria ya Elimu ya 1968 ilipozikabidhi shule zenu kwa serikali iliwaachia nafasi ya udhamini. Lakini kasisi akiisha kuteua watatu wake, kisha akamnong'oneza mwalimu mkuu majina ya wale sita wa wazazi, amefanya kile kile ambacho maaskofu wetu walikikemea mimbarani wakati wa chama kimoja. Hakuna mlolongo mtakatifu.

Sasa niseme juu ya fedha, maana ndipo mwaka wa kwanza unapouma. Shule isiyosajiliwa haipati mgawo wa serikali kwa kila mwanafunzi, wala haipelekewi mwalimu na Tume ya Kuwaajiri Walimu. Wazazi huajiri walimu wao wenyewe, mara nyingi vijana waliomaliza chuo wakisubiri kazi. Tangu 2018 mgawo huo ulitangazwa kuwa shilingi 22,244 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Mwezi Julai 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi, ambaye aliwawakilisha watu wa Gwassi na baadaye Suba Kusini bungeni kwa mihula mitatu, aliiambia kamati ya Bunge kwamba Hazina haimudu kiasi hicho chote, na kwamba kilichokuwa kikipatikana ni kama 16,900. Piga hesabu. Pengo ni shilingi 5,344 kwa mtoto mmoja. Kwa darasa moja la watoto 40, ni 213,760. Mwalimu mkuu atalitafuta pengo hilo mfukoni mwa nani, kama si wa mvuvi wa omena?

Na mvuvi huyo ana kalenda yake. Omena huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza, mwezi ukiwaka mapato hupungua, na kanuni za uvuvi hufunga kazi hiyo kuanzia Aprili hadi Julai, muhula wa pili ukiwa katikati. Shule inayodai malipo yote Mei inadai wakati nyavu zimeanikwa. Bodi yenye wavuvi ndani yake ingelijua hilo bila kuambiwa. Bodi iliyoteuliwa sebuleni mwa mheshimiwa humfukuza mtoto nyumbani. Sheria ya 2013 inakataza mtoto kunyimwa masomo kwa sababu ya malipo ya ziada. Mzazi mwenye shaka anaweza pia kudai kuonyeshwa hesabu, kwa ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Barua ya ukurasa mmoja inatosha, na haihitaji wakili.

Mwaka wa kwanza wa shule mpya, basi, uwe na mkutano wa wazazi wenye kura ya siri. Karatasi zilizochanwa daftarini na katoni ya sabuni iliyotobolewa juu zinatosha. Uwe na daftari la michango ambamo kuku wameandikwa pamoja na noti, kila mtu kwa jina lake, na lisomwe kwa sauti kila mwisho wa muhula.

Limebaki suala la ardhi. Miaka mingi baada ya kuhitimu kwangu, wazee wa ile shule yangu walinijia ofisini. Mtu aliyetoa uwanja alikuwa amefariki, na wanawe waliudai. Niliwauliza wana karatasi gani. Walitazamana. Mzee alikuwa ametoa kwa neno la mdomo, mbele ya watu, akashangiliwa. Kwa ardhi ya kilimo sheria hutaka ridhaa ya bodi ya udhibiti wa ardhi, na ombi lipelekwe ndani ya miezi sita tangu mapatano; makofi ya umati hayasajiliwi. Mahali ambapo mzee aliyetoa uwanja bado yu hai, mchukueni mwezi huu, pamoja na mkewe na wanawe wakubwa, mwende naye mbele ya bodi hiyo.