Mizani Moja, Majina Mawili

Ndugu msomaji, huko kaskazini mwa Marekani, kwenye maziwa ya Minnesota na Wisconsin, kuna mashindano ya uvuvi ambayo sharti lake kubwa ni kwamba katika kila mashua wakae mume na mke. Samaki wanayemtafuta huitwa walleye. Ni samaki wa maji baridi, mwenye macho yang'aayo gizani kama ya paka, na watu wa Minnesota wampenda hata mwaka 1965 wakamtangaza kuwa samaki rasmi wa jimbo lao. Kabla ya kuingia majini, majina ya wote wawili huandikwa daftarini. Wakirudi, samaki wao hupimwa kwa mizani moja. Aliyeshika mshipi na aliyeshika usukani ushindi wao ni mmoja, na wakikosa, wamekosa pamoja.

Huenda baadhi yetu wakacheka. Watasema kwamba ni watu walioshiba tu wawezao kuufanya uvuvi mchezo. Na kwa kweli mara nyingi samaki wale wakisha kupimwa hurudishwa majini wakiwa hai. Kwetu sisi samaki akisha kupimwa huenda chunguni. Hata hivyo, ukiyaacha makombe na shangwe, katika mchezo ule limo jambo moja ambalo sisi tunaovua kwa ajili ya riziki hatujalifikia. Jambo lenyewe ni lile daftari.

Natuanzie Kisumu. Mji ule si mgeni kwetu watu wa pwani. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika ziwani mwaka 1901, mahali ambapo wakati huo paliitwa Port Florence, na hapo ndipo uliposimama mji wa Kisumu. Mombasa na Kisumu zilikuwa ncha mbili za reli moja. Hata leo ukipita soko la Kongowea utaiona omena ya ziwani, wale dagaa wembamba, imepangwa kwa mafungu mbele ya akina mama. Lakini ni wangapi kati yetu tulao tujuao kazi iliyofanywa mpaka fungu lile likafika pale?

Omena huvuliwa usiku, na usiku ulio bora ni ule usio na mbalamwezi. Wavuvi hutoka na taa zao, zamani zikiwa karabai na siku hizi nyingi zikiwa za betri na za jua, wakaziwasha juu ya maji, na samaki wakaufuata mwanga mpaka wakaingia wavuni. Mwenye kutazama ziwa usiku kutoka ufuo wa Dunga, karibu na mjini Kisumu, huweza kudhani kwamba kuna mji mwingine umejengwa juu ya maji. Hiyo ndiyo kazi ya mume, na ni kazi ya hatari, kwani ziwa lile lina pepo na mawimbi yasiyopungukiwa na kitu mbele ya bahari.

Kunapopambazuka kazi huanza kwa mke. Chombo kikigusa mchanga, yeye yuko ufuoni na beseni. Omena haingoji. Sharti iandaliwe juani upesi, igeuzwe, ilindwe na ndege, na wingu likitanda ikusanywe mbio. Mvua ya saa moja yaweza kuuharibu uvuvi wa usiku mzima. Kisha apime kwa kopo, apange bei, apakie gari, na akirudi nyumbani wana wangojea chakula. Basi hawa nao ni mume na mke washindanao katika uvuvi. Washindana na mvua, na jua, na dalali, na bei ya mafuta ya taa na ya mashine. Hawana kombe wala tarumbeta, na mizani yao ni moja, kwani mmoja akilegea wote wawili hulala njaa.

Sasa tuulize: chombo kile kimeandikwa jina la nani?

Mila za Wajaluo wa ufuoni toka kale hazikumruhusu mwanamke kuingia mashuani kwenda kuvua. Walikuwa na miiko yao, na wanawake walivua kwenye maji machache kwa vikapu na mitego. Tusiwacheke, kwani nyani haoni kundule. Sisi huku pwani, mama zetu wametanda dagaa na uduvi kwa kanga maji yafikapo magotini. Wametoka bamvua likipwa, na kijiti mkononi, kumtafuta pweza miambani. Lakini ni nani kati yetu aliyemwona mama yake akiwa omo ya ngalawa? Mpaka wetu na wao ni mmoja: maji yafikapo kifuani, mwanamke hurudi nchi kavu.

Zamani mgawo ule haukuleta madhara makubwa, kwa kuwa samaki alikuwa wa nyumbani. Mume alivua, mke akapika, na kilichobaki kikabadilishwa kwa nafaka. Mambo yaligeuka alipoingia mbuta, yule samaki mkubwa aitwaye sangara na jirani zetu wa Tanzania. Yeye si mzaliwa wa ziwa lile. Aliletwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, na ilipofika miaka ya 1980 alikuwa amekwisha kulijaza ziwa, amewala fulu, wale samaki wadogo waliokuwa wa mamia ya aina, na amewaletea watu fedha wasizopata kuziona. Vikajengwa viwanda vya kupasua minofu na kuipeleka Ulaya. Minofu ikapanda ndege, na wenyeji wakabakiwa na kichwa na mifupa. Wanawake wa mtaa wa Obunga, mjini Kisumu, wakaikaanga mifupa ile na kuiuza, na watu wakaiita mgongo wazi. Jina hilo pekee latosha kueleza ni nani aliyekula nyama.

Tangu miaka ya 1990 samaki wakaanza kupungua. Palipo na samaki kidogo na wanunuzi wengi, mwenye chombo huwa sultani. Hapo ndipo ulipoota mizizi mwenendo ule uitwao jaboya, ambao kwa heshima ya wasomaji wetu tutauelezea kwa maneno machache. Mwanamke mchuuzi asiye na chombo hulazimika kuwa na mvuvi wake, na mvuvi yule hataki fedha peke yake. Wajane na mabinti wa watu wameingia katika jambo hilo kwa ajili ya beseni moja la samaki, na Ukimwi umezizika nyumba nzima nzima katika fuo zile. Wako wanaosema kwamba hayo ni matokeo ya tabia mbaya. Tabia ipo, hatukatai. Lakini Waswahili wamesema kamba hukatikia pabovu, na pabovu hapa ni kwamba mmoja ana chombo na mwingine hana.

Ushahidi wa maneno haya uko Nduru, ufuo ulioko katika kaunti hiyo hiyo ya Kisumu. Mwaka 2011 wanawake wa pale walijiunga kikundi, wakakipa jina la Kiingereza ambalo maana yake ni kwamba miili yao haibadilishwi kwa samaki. Kwa msaada walioupata walijipatia mashua zao wenyewe. Hawakuivunja mila kwa siku moja. Waliwaajiri wanaume wawavulie. Kwa hivyo samaki walipofika ufuoni walikuwa samaki wao, na mvuvi akapokea ujira wake kwa mkono wa mwanamke. Wanaume walikuwa ni wale wale, na ziwa lile lile. Kilichobadilika ni jina la mwenye chombo, na aliyekuwa akiomba akawa ndiye agawaye. Mwaka 2020 ziwa lilifurika likaimeza Nduru, watu wakahama, na kazi yao ikarudi nyuma sana. Lakini mafuriko hayaifuti hoja. Waliokwisha kuiona njia hawawezi kuambiwa kwamba haipo.

Waungwana, fikira hii hatuiandiki kwa ajili ya watu wa ziwani peke yao. Katika miji yetu, kuanzia Vanga mpaka Kiunga, mashua ngapi zimenunuliwa kwa bangili ya mke iliyouzwa? Nyavu ngapi zimetokana na vitumbua na mahamri, au na fedha ya mchezo aliocheza mke na mashoga zake? Mume huchukua, kwa nia njema kabisa, akenda akanunua chombo, akakisajili kwa jina lake. Nyumbani wote wajua kuwa chombo ni cha wawili. Nje ya nyumba hakuna ajuaye.

Mtihani huja siku mwenye jina afapo. Mirathi ina hesabu yake, na hesabu hiyo hatuna ruhusa ya kuichezea: mjane ambaye mumewe ameacha watoto hupata thumni, sehemu moja katika nane, na wakiwa wake wawili au zaidi hugawana hiyo hiyo thumni. Lakini kirithiwacho ni mali ya marehemu. Nusu ya mashua ikiwa ni ya mke, nusu hiyo haikupasa kuingia katika mirathi hata kidogo, kwa kuwa mwenyewe yu hai. Sheria yetu ya dini imempa mke mali yake mbali na ya mumewe, tangu zama ambazo mataifa mengine yalikuwa hayajalifikiria jambo hilo. Anayemdhulumu mjane yule, basi, si sheria. Ni uzembe wetu wa kutoandika. Nasi tuliosoma chuoni twajua kwamba dini iliyotuamuru kuziandika deni zetu na kuweka mashahidi haikutuambia tuandike ya watu wa mbali tu, na ya mke tuyaache hewani.

Kwa upande wa serikali mambo ni hayo hayo. Sheria ya mali ya wanandoa ya mwaka 2013 yakubali kwamba kazi ya nyumbani, ulezi wa watoto na usimamizi wa biashara ya jamaa ni mchango kama fedha; nayo imewaachia Waislamu nafasi ya kufuata sheria ya dini yao katika mali hizo. Lakini mwezi wa Januari 2023 Mahakama ya Juu ilieleza kwamba usawa wa mume na mke katika Katiba hauna maana ya kuikata mali nusu kwa nusu bila kuuliza. Kila mmoja apata kwa kadiri ya mchango aliouthibitisha. Zingatia neno hilo, msomaji: aliouthibitisha. Mama aliyeanika omena miaka ishirini atathibitisha kwa nini? Kwa nyufa za mikono yake?

Twajua jawabu litakalotolewa. Wazee watasema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Ni kweli, wala hatutaki watu wawili washike usukani mmoja. Lakini unahodha na umiliki ni mambo mawili mbali. Katika zama za majahazi, mwenye chombo aliweza kukaa barazani kwake akinywa kahawa, na nahodha akawa safarini na pepo za kaskazi. Wala hapana aliyesema kwamba chombo kimepata manahodha wawili. Jina la mke katika hati halimnyang'anyi mume kasia. Na yule atakaye kuendelea na mwiko wake wa kutompandisha mkewe mashuani, mwiko huo haumzuii kumwandika.

Basi rai yetu ni hii. Kamati za fuo, zile ziitwazo BMU ambazo kanuni zake ziliwekwa mwaka 2007, zinasajili vyombo na watu wake, ziwani na baharini. Na mume na mke walionunua chombo kwa jasho lao wote wawili waandikishe majina yote mawili, na kila mmoja aliyetoa fedha fungu lake litajwe mbele ya mashahidi. Makadhi na maimamu wetu, ambao husikilizwa zaidi ya wanasiasa, waliseme jambo hili barazani na siku za kufunga ndoa, kabla chombo hakijanunuliwa na kabla msiba haujafika. Gharama yake ni wino tu.

Wale wa Minnesota wameliona jambo hilo katika mchezo, ambamo akosaye hukosa kombe tu. Kwetu akosaye hukosa paa na karo ya watoto, na pengine akarudi ufuoni kumbembeleza mwenye chombo kingine. Kwa hivyo twafunga kwa beti hii moja:

Mume na mke wawili, huyu tezi yule omo,
Mzigo waukabili, na riziki yao imo,
Mizani haina mbili, ni kimoja tu kipimo,
Hati iwe ni kamili, jina la mke na limo.