Daktari wa Mwajiri Asiwe Hakimu

Wahenga walisema kuwa adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mimi nimeijua kidogo kwa sababu tunaishi na mjomba wangu nyumba moja, na kila asubuhi kabla sijafunga safari ya kuja shuleni mimi ndiye humfunga vifungo vya shati.

Mjomba alitoka kwetu Kitui akaenda kufanya kazi kwenye timbo la mawe kule Makueni. Siku moja mashine ya kusaga kokoto ikamshika mkono wa kulia. Vidole vyote vitano vipo, lakini havikunjiki. Jembe hashiki, na hata kikombe cha chai humponyoka.

Mwajiri alimpeleka kwa daktari aliyemchagua yeye mwenyewe. Daktari huyo akautazama mkono mara moja tu, akaandika asilimia 10. Baadaye mjomba akaenda hospitali ya serikali, akapimwa kwa makini, ikaandikwa asilimia 30. Mkono ni ule ule jamani! Mbona una hesabu mbili?

Huenda mtu akasema tofauti hiyo si kitu. Haya, tupige hesabu. Kwa Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka wa 2007, aliyelemaa kabisa hulipwa mshahara wa miezi 96. Aliyelemaa kwa kiasi hulipwa sehemu ya pesa hizo kulingana na asilimia yake. Mjomba alikuwa akipata shilingi 15,000 kwa mwezi. Mara 96 ni shilingi 1,440,000. Asilimia 10 yake ni 144,000 na asilimia 30 ni 432,000. Shilingi 288,000, ambazo ni karo ya binamu zangu miaka kadhaa, zinategemea kalamu ya daktari mmoja!

Kidole kikikatika, sheria ina jedwali linalotaja asilimia yake. Taabu iko kwa mkono uliopo usiofanya kazi sawasawa, au mgongo unaouma bila kidonda. Hapo ndipo kila daktari huwa na lake.

Ni kweli asiyeridhika anaweza kupinga mbele ya Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini katika siku 60, kisha aende mahakama ya kazi. Lakini pingamizi hilo linarudi kwa Mkurugenzi yule yule aliyetoa uamuzi. Na mtu wa kibarua atatoa wapi nauli na pesa za wakili?

Maoni yangu ni kwamba kuwe na jopo huru la madaktari watatu, mmoja wao akiwa bingwa wa mifupa. Wasilipwe na mwajiri, wala kampuni ya bima, wala wakili wa mfanyakazi. Walipwe kutoka kwa mfuko unaochangiwa na waajiri wote. Waketi Hospitali ya Rufaa ya Kitui wiki moja, na ile ya Makueni pale Wote wiki nyingine, ili mgonjwa asilazimike kwenda Nairobi. Tena waandike sababu za uamuzi wao kwa lugha anayoielewa mgonjwa.

Najua watakaonipinga watasema madaktari ni wachache. Mbona anayetaka kusajiliwa kuwa mlemavu hupimwa na jopo katika hospitali ya serikali? Kama linawezekana huko, litashindikanaje hapa? Wengine watasema wafanyakazi nao hujifanya wagonjwa. Hao wapo, sikatai. Basi jopo litamlinda mwajiri pia, kwa maana watu watatu si rahisi kudanganywa.

Wenzangu, msidhani haya ni ya mjomba peke yake. Reli mpya iliyofunguliwa mwaka wa 2017 ilipitia Kibwezi na Emali. Ujenzi wa Bwawa la Thwake, mpakani mwa Makueni na Kitui, ulianza mwaka wa 2018. Kazi za namna hiyo ndizo zinazowangoja wengi wetu tukimaliza kidato cha nne, na mashine haiulizi mtu alipata alama gani.

Mjomba bado anangoja jibu la pingamizi lake. Naomba wabunge wetu wa Kitui na Makueni walipeleke jambo hili Bungeni. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.