Mambo ya Nyumbani: Kiti cha Uani na Fundi Anayejulikana

Mjini Kigali sehemu kubwa ya maisha ya jamaa hupita nje ya mlango. Mgeni hukaribishwa uani jioni, jua linapopunguza makali. Watoto huandikia masomo yao barazani. Msiba ukitokea, majirani huketi nje pamoja na wafiwa. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, kazi ya umuganda ikimalizika, wakazi hukaa pamoja kujadili mambo ya mtaa. Katika shughuli zote hizo haihitajiki fahari, yahitajika mahali pa kuketi. Kwa hiyo benchi, meza na viti vya nje ni vyombo vya lazima, navyo havistahili kununuliwa kwa pupa.

Aghalabu mwenye mshahara wa kiasi hukimbilia kiti cha bei ndogo kuliko vyote, yaani kile chepesi cha plastiki. Kiti hicho kina manufaa yake: hubebeka, husafishika, wala hakiozi. Lakini Kigali imeinuka zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na jua lake ni kali. Miale ya jua huifanya plastiki iliyoachwa nje kupauka na kukauka, hata siku moja mguu ukavunjika chini ya mzee aliyeketi. Baada ya hapo ni shida kupata fundi wa kukiunga. Safari yake ni jalalani.

Chukua mfano wa hesabu. Kiti kimoja kikiuzwa faranga 10,000 na kikadumu miaka 2, kimemgharimu mwenyewe faranga 5,000 kwa mwaka. Kingine kikiuzwa faranga 30,000 na kikadumu miaka 10, kimemgharimu faranga 3,000 kwa mwaka. Ndiyo maana wazee wakasema rahisi ni ghali.

MAFUNDI WA GISOZI

Kiti cha namna hiyo ya pili hupatikana Gakiriro, huko Gisozi katika wilaya ya Gasabo. Wengi wa mafundi wa hapo walihamia kutoka Gakinjiro, katikati ya mji. Mbao hupasuliwa, hurandwa, huungwa na kupakwa vanishi mahali pamoja, na mafundi wa kuchomelea vyuma hawako mbali. Moto umewahi kuzuka pale mara kadhaa, ukateketeza mbao, mashine na kazi za wateja. Hata hivyo kazi imeendelea. Faranga inayolipwa Gisozi hupita mikononi mwa mpasua mbao, mseremala, mpaka rangi, mchukuzi na kijana anayejifunza kushika randa.

Serikali nayo imesaidia. Wito wa kupenda bidhaa za nchini, uitwao Made in Rwanda, umekuwa ukisikika tangu mwaka 2015. Tena, kuanzia tarehe 1 Julai 2022, nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kuziweka samani miongoni mwa bidhaa za kutozwa ushuru wa asilimia 35 zitokapo nje ya Jumuiya. Lakini ushuru haukaushi ubao, wala wito haukazi kiungo kilicholegea. Thamani ya kiti cha nyumbani ni hii: aliyekitengeneza anajulikana, karakana yake inafikika kwa basi, na kiti kikilegea anaweza kuitwa akirekebishe. Manufaa hayo huja kwa mnunuzi anayejua la kuuliza.

MAMBO YA KUANGALIA

La kwanza ni ukavu wa mbao. Hii ndiyo kasoro kubwa ya samani nyingi za hapa. Mikaratusi, iliyo mingi katika misitu ya kupandwa ya Rwanda, ina mbao ngumu. Lakini zikiundwa zingali mbichi hujikunja na kupasuka, na msumari hubaki ukining'inia. Mnunuzi na ainue mbao mbili za mti mmoja na kipimo kimoja: iliyo nzito zaidi huenda ina maji zaidi. Yafaa kuagiza kazi wakati wa kiangazi, kati ya Juni na Agosti, kuliko kungoja mvua za masika, Machi hadi Mei.

La pili ni viungo. Kiti kilichoungwa kwa ulimi na tundu, pamoja na gundi isiyoyeyuka kwa maji, hustahimili kuliko kilichopigwa misumari tu. Kwa upande wa kalio, mbao ziachiane nafasi ndogo ili maji ya mvua yapite. Na vanishi iwe ya nje. Ile ya ndani hubanduka upesi juani.

La tatu ni chuma. Kabla ya rangi ya mapambo ipakwe rangi ya kuzuia kutu, na ncha za mabomba zizibwe maji yasiingie ndani.

La nne lawahusu hasa askari, polisi na jamaa zao. Amri ya uhamisho haingoji, na lori halina nafasi ya anasa. Basi fundi aagizwe kutengeneza meza ambayo miguu yake hufungwa kwa bolti na nati, na benchi linalofunguka vipande. Chombo hicho kitafika Huye au Rubavu kikiwa kizima, ilhali kilichogongomewa hufika kuni.

MALIPO NA MATUNZO

Makubaliano yaandikwe: aina ya mti, vipimo, bei, siku ya kukabidhi na muda ambao fundi atarekebisha bila malipo. Itolewe arubuni, si fedha zote. Familia iliyojiwekea akiba, iwe Zigama CSS au kwingineko, yaweza kuanza na benchi moja mwaka huu na meza mwaka ujao, kuliko kukopa kwa ajili ya seti nzima.

Kisha chombo kitunzwe. Miguu isimame juu ya jiwe, si juu ya udongo wenye mchwa. Mvua ikikaribia, viti viingizwe barazani. Na kila mwaka vipigwe msasa na kupakwa vanishi upya. Kazi hiyo ni ya asubuhi moja, na watoto waweza kuifanya pamoja na wazazi wao.

Mnunuzi anayekataa ubao mbichi hamwonei fundi. Amfunza kuuza kazi itakayomrudishia wateja. Anayepokea chochote kwa sababu tu kimetengenezwa nchini, huyo hajasaidia nyumba yake wala nchi. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.