Kikulacho hakikuwa nguoni

Je, umewahi kuketi sebuleni jioni, taa imewashwa, ukaona nondo wadogo wa kahawia wakiizunguka balbu kana kwamba wamealikwa? Kwetu walianza wawili watatu mwezi wa Machi. Baada ya majuma machache walikuwa wengi hata wakawa wakitumbukia kwenye vikombe vya chai.

Mama watoto alitoa hukumu papo hapo: nondo wa nguo! Sweta zote zikatolewa kabatini, zikakung'utwa na kuanikwa. Vidonge vyeupe vyenye harufu kali vikatiwa kila pembe ya kabati. Nyumba ikanuka, macho yakatuwasha, na nondo wakazidi kuongezeka. Jirani naye akatushauri tupulize dawa ya mende nyumba nzima, jikoni kukiwemo.

Aliyetuokoa ni binti yetu, mwanafunzi wa sekondari. Alimfunika nondo mmoja kwa gilasi, akapitisha karatasi chini yake, akamtia kwenye friji dakika chache apoe na kutulia. Kisha akamtazama kwa kioo cha kukuzia.

"Baba, huyu si wa nguo," akasema. "Nondo wa nguo huukimbia mwanga. Hawa wanaufuata."

Alikuwa na hoja. Nondo wa nguo ana rangi ya dhahabu inayong'aa na kishungi cha nywele nyekundu-nyekundu kichwani, na hupenda giza la kabati. Yule anayetanda utando kwenye unga na njugu naye ana mabawa ya rangi mbili: kijivu karibu na kichwa, na rangi ya shaba kuelekea nyuma. Wetu alikuwa na rangi ya majani makavu, urefu wake kama punje ya mchele. Mabawa yake ya nyuma yalikuwa membamba, yenye matamvua marefu kama kope, na ncha yake ilichongoka ghafla mfano wa kidole kinachoonyesha njia. Mbele ya uso palikuwa na vijipembe viwili vilivyojikunja kwenda juu.

Huyo ndiye nondo wa nafaka, ambaye wanasayansi humwita Sitotroga cerealella. Sifa zake mbaya ni za kale. Mwaka wa 1760, Chuo cha Sayansi cha Ufaransa kiliwatuma wataalamu wawili, Duhamel du Monceau na Tillet, hadi jimbo la Angoumois kumchunguza kwa sababu alikuwa akiangamiza ngano ya wakulima. Hadi leo Wazungu humwita kwa jina la jimbo hilo.

Basi kama si kabatini, anatoka wapi? Sote tuligeuka tukatazama nyuma ya mlango wa jikoni. Hapo palikuwa na gunia la mahindi la kilo 90, ambalo mama yangu alitutumia kutoka Trans Nzoia mwezi wa Januari.

Tulipolifungua, nondo walitoka kama moshi. Punje nyingi za juu zilikuwa na tundu dogo la mviringo, na nyingine bado zilikuwa na kifuniko chembamba kama karatasi. Hiyo ndiyo alama yake. Tundu la fukusi huwa na kingo zilizotafunwa ovyo.

Maisha ya mdudu huyu ni ya ajabu. Jike hutaga makumi ya mayai juu ya punje. Yai likianguliwa, kiwavi mdogo sana hutoboa punje na kuingia. Tangu hapo punje hiyo ndiyo chumba chake na chakula chake. Akikaribia kuwa pupa, hutafuna njia hadi kwenye ganda, lakini halitoboi. Huacha kidirisha chembamba. Nondo anapokomaa hukisukuma kidirisha na kutoka. Kwenye joto, safari hii yote huchukua kama majuma matano. Nondo mzima hali chochote, na huishi siku chache tu. Anayekula mahindi yako ni mtoto usiyemwona.

Binti yetu aliweka punje 100 zisizo na tundu lolote kwenye chupa, akaifunga mdomo kwa kitambaa. Kabla ya mwezi kwisha, nondo zaidi ya kumi walikuwa ndani ya chupa hiyo. Mwanafunzi unayesoma, jaribu nawe; utajifunza kwamba punje nzima kwa macho si lazima iwe nzima.

Ilinibidi kumpigia mama simu, nami nilisitasita. Utamwambiaje mzee kwamba jasho lake limekuja na wadudu? Alicheka. "Mwanangu, hao nawajua. Huanzia shambani, mahindi yakikawia kwenye mabua. Zamani tuliyatundika juu ya meko, moshi ukawafukuza."

Ni kweli, nondo huyu hutaga mayai hata kabla ya mavuno. Kwa hivyo vuna mapema, pukuchua, na uanike hadi unyevu ushuke chini ya asilimia 13.5. Huna kipimo? Tia punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu, utikise. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi bado ni mabichi. Yakikauka, yatie kwenye mifuko maalumu isiyopitisha hewa. Wadudu waliomo watakufa kwa kukosa pumzi. Kiasi kidogo waweza kukigandisha kwenye friza kwa siku nne au zaidi.

Dawa ya mende usiipulize kamwe kwenye chakula. Nondo mwenyewe hana sumu. La kuogopwa ni ukungu unaoota kwenye mahindi yenye unyevu na yaliyotobolewa. Mwaka wa 2004, sumu ya ukungu huo, aflatoksini, iliwagonjesha watu 317 nchini, hasa Makueni na Kitui, na 125 wakafariki. Kupika hakuiondoi. Punje zilizobadilika rangi au kuota ukungu zitupe, wala usiwape kuku.

Nondo huyu hana nguvu za kuchimba hadi chini, kwa hivyo sehemu kubwa ya gunia letu ilinusurika. Tulipepeta, tukachambua, tukaanika. Tulipata githeri ya miezi kadhaa.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Siku hizi, mama watoto akiisikia methali hiyo, hunitazama kisha akalitazama gunia. Mwezi uliofuata tulimtumia mama mifuko mitano isiyopitisha hewa.