Filamu ya bure hulipwa na nani?

Vijana wanaotaka kutengeneza filamu ya mazombi bila mtaji hupenda kutaja "Colin" ya mwaka 2008. Mwingereza Marc Price alisema ilimgharimu pauni 45 tu, na mwaka 2009 ikaonyeshwa Cannes.

Nasema hesabu hiyo ina pengo. Waigizaji walijitolea, na wapambaji walikuja na vifaa vyao. Mfanyabiashara wa mpakani anajua kuwa mzigo uliobebwa bure bado umemchosha aliyeubeba.

Naona afadhali utaratibu wa Wakaliga, Kampala. Isaac Nabwana, aliyetoa "Who Killed Captain Alex?" mwaka 2010, hakuwa na mishahara ya kulipa. Lakini waigizaji wake waliuza diski nyumba kwa nyumba, wakabaki na nusu ya mapato.

Leo filamu nyingi hutazamwa kwenye simu, na nusu ile ya mkononi haipo tena. Kwa hiyo, kijana uliyerejea nyumbani, ukiitwa kujitolea, nenda, lakini kabla kamera haijawashwa fungu lako liandikwe. Mali bila daftari hupotea bila habari.